Mvua ya Kwetu Tuipime Wenyewe

Hotuba hii niliitoa mwezi Septemba wilayani Magu, mkoani Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, mbele ya mkutano wa wakulima, wafugaji na wavuvi. Walioshindwa kufika, hasa waliokuwa ziwani, waliniomba maandishi yake. Nayaweka hapa yote kama nilivyosema. Zile picha za ukutani nimeziacha. Salamu ya mwanzo ni ya Kisukuma.

Mwangaluka!

Upande wa mwaloni, ninyi wa ufukwe wa mitumbwi, sijawasikia. Mwangaluka! Haya, mhola.

Mheshimiwa Diwani, Mzee Mwenyekiti, watendaji wa vijiji, wazee wangu, mama zangu, vijana wa mwaloni na vijana wa mashambani, nawashukuru kwa kuja. Najua wengine mmeacha mashamba hayajasafishwa na wengine mmeacha nyavu zinangoja kushonwa. Sitawachosha kwa mambo mengi. Nina jambo moja, na nitalizungukia hadi mlichoke.

Nianze na swali. Nani hapa anajua shamba lake lilipata mvua kiasi gani msimu uliopita? Sitaki jibu la "nyingi" wala la "haba". Nauliza kiasi gani?

Mnaona? Kimya. Bei ya kilo ya pamba tunaijua mpaka senti. Ng'ombe akisimama mnadani tunamkadiria kwa macho, na hatukosei sana. Mvua, ambayo ndiyo mtaji wa kwanza wa kila mtu aliyeketi hapa, hakuna anayeijua ya kwake. Tunasema "mwaka huu Magu mvua ilikuwa nzuri". Ndugu zangu, mvua hainyeshei wilaya. Inanyeshea shamba la mtu.

Mpangilio wa mwaka wazee mnaujua kuliko mimi. Oktoba vuli inaanza kubisha hodi, Novemba na Desemba inakolea. Januari na Februari inalegea. Machi na Aprili masika inashuka kwa nguvu, Mei inaaga. Kisha Juni hadi Agosti ni kiangazi: upepo mkavu wa kusini mashariki, usiku wa kujifunika blanketi, pamba imepasuka nyeupe, ghala lina kitu, na vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu vinashindana kule Bujora kwenye sikukuu ya Bulabo. Hata furaha yetu imepangwa na mvua.

Kwa nini mvua zije mara mbili? Kwa sababu jua linapita juu ya utosi wetu mara mbili. Sisi tuko kusini kidogo ya Ikweta, kama digrii mbili na nusu. Katikati ya Machi jua linatupita likienda kaskazini, mwishoni mwa Septemba linatupita tena likirudi kusini. Linapopita ardhi inapata moto, hewa inapanda, pepo za kaskazini na za kusini zinakutana, na ukanda wa mvua unalifuata jua kwa nyuma, umechelewa wiki kadhaa. Ndiyo maana Septemba hii jua linachoma na mvua bado.

Hiyo ni ramani kubwa, na ramani kubwa haipandi mahindi. Toka hapa uende kusini, upite Ng'haya, uingie Kwimba, ushuke Shinyanga. Kadiri unavyoacha ziwa ndivyo lile pumziko la Januari linavyofifia, na ukifika Tabora unakuta msimu mmoja tu, wa Novemba hadi Aprili. Geuka sasa, vuka ziwa. Bukoba wanapata kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka. Mwanza mjini ni kama 1,000. Mbuga za Kwimba ni pungufu ya hapo. Ziwa ni lile lile, jua ni lile lile.

Kuna dada wawili wa tumbo moja ninaowafahamu. Mmoja ameolewa karibu na ziwa, mwingine amejenga ndani kabisa, upande wa Kabila. Vuli moja yule wa ziwani akapiga simu asubuhi: "Mdogo wangu, huku imemwagika tangu alfajiri, mvua zimeanza." Mdogo mtu kutazama nje, wingu limetanda, manyunyu yanadondoka. Akatoa mbegu zote akapanda. Mahindi yakachipua kwa yale manyunyu, yakatoa majani mawili, yakanyauka yote. Mvua ya kweli ilimfikia wiki nyingi baadaye, na mbegu alishamaliza. Dada yake hakumdanganya, ndugu zangu. Alimweleza mvua ya kwake.

Na hapa niseme neno juu ya utabiri, kwa sababu nasikia watu wakisema Mamlaka ya Hali ya Hewa inabahatisha. Haibahatishi. Tatizo ni kwamba tunausikiliza nusu. Mamlaka ikisema vuli itakuwa "ya wastani", maana yake ni kati ya asilimia 75 na asilimia 125 ya ile mvua ya miaka mingi. Tuchukulie mahali ambapo vuli ya kawaida ni milimita 400. Ikinyesha 300, ni wastani. Ikinyesha 500, ni wastani. Wewe mwenye shamba unajua kwamba 300 na 500 ni ndugu wasiofanana kabisa. Mwaka mmoja unavuna mahindi, mwaka mwingine unashukuru Mungu kwa mtama na muhogo. Tena utabiri ule unatolewa kwa ukanda mzima, Kagera, Geita, Mwanza, Simiyu, Mara na kwingineko. Unakupa mwelekeo. Hatua za mwisho, kutoka kwenye redio hadi kwenye jembe lako, huwezi kuzipata kwingine ila kwako mwenyewe.

Sasa nigeukie ziwa. Vijana wa mwaloni, sogeeni karibu, hapa ni penu.

Ziwa hili lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,000 na ushee. Maji mengi namna hiyo hayalali bure, yana hali ya hewa yake. Mchana nchi kavu inapata joto upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu inapanda, na ya ziwani inaingia kuchukua nafasi yake. Ule upepo mtamu wa alasiri mnaoupata mkiwa mwaloni ndio huo. Unasukuma unyevu ndani, na mawingu ya jioni yanajengeka huko bara. Usiku kila kitu kinageuka. Nchi kavu inapoa haraka, maji yanabaki na joto lake. Upepo sasa unatoka nchi kavu kwenda ziwani, na unatoka pande zote: Mwanza, Musoma, Bukoba, Kisumu, Entebbe. Pande zote! Zikikutana katikati zitakwenda wapi? Juu. Chini yake kuna maji ya vuguvugu yanayolisha wingu. Ndiyo maana dhoruba kubwa za ziwa hili hupasuka usiku wa manane kuelekea alfajiri, wakati sisi wa nchi kavu tumelala na nyota tunaziona. Na kwa kuwa pepo nyingi huku zinavuma kutoka mashariki, sehemu kubwa ya mvua hiyo inasukumwa upande wa Bukoba. Wao wanapata migomba, sisi tunapata mtama na pamba.

Sasa nani yuko katikati ya ziwa usiku wa manane? Ni mvuvi wa dagaa. Dagaa wanavuliwa gizani, mwezi ukiwa haupo, kwa taa. Saa ambayo ziwa ni la hatari ndiyo saa yake ya kazi. Hakuna mtu katika mkutano huu anayefanya kazi yake katika saa mbaya kuliko yeye, na naomba tuliheshimu hilo.

Yupo nahodha mmoja wa hapa kwetu, sitamtaja kwa kuwa hakunituma, ambaye vijana wote wanapenda kuingia mtumbwi wake. Niliwahi kumuuliza siri yake. Akaniambia: "Mwalimu, mimi usiku kucha nausikiliza upepo wa mgongoni." Akiwa amegeukia ziwa, upepo wa nchi kavu unamgusa mgongo, taratibu, bila kukatika. Huo haumsumbui. Lakini ukikatika ghafla, ziwa likatulia kama limeshika pumzi, kisha ukamjia usoni upepo wa baridi kutoka upande wa maji, hangoji kuona wingu. Anaamuru wavu uvutwe hapo hapo, uwe na dagaa au usiwe nao. Upepo ule wa baridi ni hewa inayoporomoka kutoka ndani ya dhoruba na kutangulia mvua. Wingu lenyewe linaweza kuwa bado mbali, gizani, halionekani. Nahodha huyu hajasoma hewa darasani. Ameisoma usoni kwake.

Kipo kipimo kingine ambacho hata mtoto anaweza kukitumia. Ukiona radi imemulika, anza kuhesabu taratibu mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Ukihesabu 30, iko kilomita kumi, na hapo umeshachelewa kuamua. Mtumbwi uwe unarudi. Mkulima naye, ukiwa shambani ukasikia hivyo, ondoka wazi, na usikimbilie chini ya mti. Usijikinge kando ya ng'ombe. Ingia nyumbani, ufunge mlango. Tumezika watoto waliokimbilia chini ya miembe. Sitaki tuzike wengine.

Rada ya hali ya hewa iko hapa Mwanza, na tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa zinatolewa. Ombi langu kwa viongozi wa mialo ni kwamba tahadhari ikitoka, isiishie kwenye simu ya mtu mmoja. Ibandikwe, itangazwe kwa kipaza sauti kabla mitumbwi haijaingia majini. Na kila anayepanda mtumbwi avae boya. Boya lililofungwa chini ya ubao halijawahi kumwokoa mtu.

Akina mama wa dagaa msidhani nimewasahau. Mvua ya alfajiri ikiwakuta dagaa wamelala mchangani, mzigo wa jana unakuwa chakula cha kuku. Wenye vichanja wanawahi kufunika, na dagaa wao wanakauka upesi kwa sababu hewa inapita chini na juu. Hilo mnalijua, kinachokosekana ni mbao na wavu, na halmashauri imesikia.

Turudi shambani, maana hapa ndipo penye uchungu wangu.

Ndugu zangu, mimea hailijui jumla ya mwaka. Mkulima anaweza kupata milimita 900 kwa mwaka akalala njaa, na jirani yake akapata 650 akauza ziada. Inawezekanaje? Mahindi ya siku 90 yanakuwa na wiki tatu hivi za roho mkononi, pale yanapotoa mbelewele na ndevu. Wiki mbili za ukavu zikiangukia hapo, mvua ya baadaye itanyweshea mabua tu. Mtama ukibanwa na ukavu unasimama, unajikunja majani, unangoja; mvua ikirudi unaendelea. Mahindi hayana subira hiyo. Kwa hiyo tusiulize tu mvua itakuwa kiasi gani. Tuulize itapangikaje? Itaanza lini, itakatika lini, itakatika kwa siku ngapi?

Halafu kuna udongo. Hapa kwetu ukitembea kutoka kwenye mawe ya kilimani kushuka bondeni unakanyaga mashamba tofauti kabisa, na wazee waliyapa majina zamani. Juu kuna luseni, mchanga mwepesi. Chini yake itogolo, gumu, maji yanateleza. Bondeni mbuga, udongo mweusi. Mvua moja, majibu matatu. Milimita 20 kwenye luseni kavu zinashuka kama shibiri moja. Mbegu inaota, ila akiba hiyo inaisha upesi. Mvua hiyo hiyo kwenye mbuga inatumbukia kwenye ile mipasuko ya kiangazi, mipana hata kiatu cha mtoto kinapotea, na juu panabaki pakavu. Mbuga inataka mvua nyingi ndipo inywe, ivimbe, ifunge mipasuko yake. Ikishakunywa, mkokoteni unazama mpaka ekseli na maksai wanagoma, lakini maji hayo inayatunza miezi. Ndiyo maana mpunga unakaa kwenye majaruba kule chini, na ndiyo maana mnapanda dengu mbugani masika ikiwa inaisha. Dengu zinakomaa kiangazi, bila tone, kwa unyevu uliofichwa. Hiyo ni elimu kubwa, na tusiione ndogo kwa sababu ni ya babu zetu.

Nimtaje mama mmoja wa vitongoji vya bondeni, mjane, mwenye ekari tatu. Ana kopo la rangi, lile lililonyooka kutoka chini hadi juu, amelifunga kwenye nguzo katikati ya uwanja. Kila asubuhi saa tatu anachovya rula ya mjukuu wake, anasoma, anaandika kwenye daftari, anamwaga. Siku hakuna kitu anaandika sifuri. Vuli moja iliyodanganya, majirani walipanda baada ya mvua ya kwanza. Daftari lake lilisema milimita 9. Alikwenda shambani akachimba kwa jembe: unyevu haukufika hata nusu shibiri. Akangoja. Majirani wakamwambia ana uvivu. Ikaja mvua ya pili, 14. Akachimba tena. Kesho yake 22. Akapanda siku hiyo hiyo. Mwaka huo waliopanda mara mbili walikuwa wengi, yeye alipanda mara moja.

Amefanya nini cha ajabu? Amepima. Basi!

Na msiogope hesabu, ni nyepesi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kwenye ekari moja, milimita 20 ni lita zaidi ya 80,000. Hayo ni madumu 4,000 ya lita 20. Mwenyezi Mungu amekubebea madumu 4,000 mpaka shambani, halafu wewe umelima matuta yanayotelemka na mteremko, yote yanakimbilia mto Simiyu yakiwa na udongo wako wa juu! Lima kwa kukinga mteremko. Funga matuta. Maji yaliyoingia ndani ya udongo ni yako, yaliyofika Simiyu ni ya ziwa.

Bati nalo ni shamba. Nyumba yenye paa la mita za mraba 40, mvua ya milimita 5 tu inajaza pipa la lita 200. Mvua ndogo ile tunayosema haikunyesha! Mama anayetembea na ndoo kwenda lambo huku bati lake linamwaga maji uani, hiyo ni kazi ya mifereji na tanki, na baba wa nyumba ajue ni kazi yake.

Kuhusu kupanda na kushuka kwa ziwa nitasema kwa kifupi, ingawa linawauma waliohama. Karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani yanatoka moja kwa moja juu, ni mvua inayoliangukia ziwa lenyewe. Kwa hiyo miaka ya mvua kubwa ziwa linapanda, na linachukua muda kushuka. Wazee wanaikumbuka ya 1961. Baada yake ziwa lilipanda zaidi ya mita mbili, na Mei 1964 likafika kimo ambacho watu walidhani hakitarudi. Mwaka 2006 lilishuka mpaka mitumbwi ikalala kwenye tope, na watu wakajenga na kulima kule chini, wakiamini ni ardhi mpya. Kisha vuli ya 2019 Bahari ya Hindi upande wetu ikapata joto kuliko kawaida, mvua ikamwagika nchi nzima, na Mei 2020 ziwa likakizidi kile kimo cha 1964. Nyumba ngapi ziliingia maji? Mnazijua. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Wengine wanaiona ni ya kuwaonea wanyonge. Mimi nawaambia, mita zile 60 ni za ziwa, limeziazimisha tu, na huja kuzidai.

Nimefika kwenye ombi langu. Pale kwenye meza ya mtendaji kuna makopo na rula na madaftari. Kopo liwe limenyooka, lisiwe pana juu na jembamba chini. Lifungwe mahali pa wazi, mbali na mti au paa angalau mara mbili ya urefu wa kitu hicho. Lisomwe saa tatu asubuhi, kila siku, na tarehe iandikwe. Sifuri nayo iandikwe, sifuri ni habari. Kila kitongoji kichague mtu mmoja, na akisafiri awepo wa kushika nafasi yake. Napendekeza mabinti na vijana wa shule, wana macho mazuri na hawapendi kuruka siku. Kila mwisho wa mwezi madaftari yafike kwa afisa ugani, ayaweke pamoja kwenye karatasi moja ya kata, ibandikwe ofisini watu wote waione. Miaka mitano ya madaftari haya, na mtu wa Kabila hataongozwa tena na mvua ya ziwani.

Wafugaji, nanyi mchukue. Mvua mliyoipima ndiyo inayowaambia kama ngitili, yale malisho tunayotenga kwa kiangazi, itafika Septemba, au mpunguze mifugo mapema bei ikiwa bado nzuri.

Mvua za Oktoba hazitatungoja. Mzee Mwenyekiti, naomba kabla hatujatawanyika vitongoji viitwe kimoja kimoja na majina yaandikwe. Tuanze na vya ziwani, maana wao mvua huwafikia kwanza. Maswali nitayajibu wakati wenzetu wanachukua makopo. Naona mkono wa mama pale nyuma, karibu, mama.